Uwanja Uwe wa Vumbi, Kanuni Ziwe Zilezile

Jina la Onduparaka lilivuka mipaka ya eneo la West Nile mwaka 2016, klabu ya kandanda ya kitongoji hicho cha Arua ilipopanda Ligi Kuu ya Uganda. Ilikuwa na umri wa miaka 5 tu, maana ilianzishwa 2011, nayo ikaingia kupambana na vigogo wa Kampala waliokuwa na makombe kabatini tangu enzi za baba zetu. Hakuna aliyesema kwamba, kwa kuwa hawa wametoka pembezoni, basi wasamehewe wakiotea, au penalti yao isogezwe karibu na goli. Wala wao hawakuomba. Wapenzi wa kandanda wanaelewa jambo ambalo sisi wengine hulichanganya: kanuni za mchezo ni kitu kimoja, masharti ya uwanja ni kitu kingine. Kanuni hazibadiliki, uwe kwenye kiwanja cha vumbi cha shule ya msingi au kwenye uwanja wa taifa wa Namboole. Masharti ya uwanja ndiyo hupanda kwa ngazi; ligi ya wilaya haidai majukwaa, vyumba vya kubadilishia nguo wala taa za usiku.

Hekima hiyo tuipeleke penye uzito zaidi, yaani kwa vikundi vidogo vinavyotunza watu katika Jiji la Arua, Koboko na vijiji vinavyozunguka. Nazungumzia mama aliyefungua chumba cha kulea watoto wa wachuuzi wa sokoni. Kikundi cha akina mama wa kanisa kinachozunguka kuwaogesha na kuwalisha wagonjwa wasioinuka kitandani. Jumuiya ya msikiti inayowaangalia wazee wasio na watoto. Wazazi wa watoto wenye ulemavu wanaopeana zamu. Nyumba ya watoto 12 iliyoanza kwa mtoto mmoja aliyeachwa mlangoni. Hawa hawana makao makuu, hawana mhasibu, na wengi hawana mshahara. Hoja yangu ni kwamba wanapaswa kuwa na viwango vya kazi vilivyoandikwa, vinavyojulikana na kukaguliwa. Udogo wao uwapunguzie masharti ya uwanja, lakini usiwafutie kanuni za mchezo. Anayetunzwa hajui ukubwa wa anayemtunza. Anajua tu kama amelishwa, amepigwa, amesikilizwa au amesahauliwa.

Katika eneo letu vikundi hivi vimezaliwa na historia. Baada ya utawala wa Amin kuanguka mwaka 1979, na mapigano ya mwaka uliofuata, sehemu kubwa ya watu wa West Nile ilikimbilia Zaire na Sudan, ikaishi huko miaka kadhaa, ikarudi kukuta nyumba zimekuwa magugu. Kizazi kizima kilijifunza kulea watoto wa wengine bila kuuliza karatasi. Baadaye mkondo ukageuka. Kambi za Rhino na Imvepi zikajaa, Lobule kule Koboko ikapokea Wakongo, na mwaka 2016 Bidi Bidi ya Yumbe ikakua kwa miezi michache hadi kuwa miongoni mwa makazi makubwa ya wakimbizi duniani. Watoto waliofika peke yao walipokewa na familia zilizofika nao. Hadi leo, mtu akizeeka au akipooza, wa kwanza kumfikia ni jirani. Serikali huwapa wazee posho ya SAGE, shilingi 25,000 kwa mwezi, lakini kwa kiwango cha taifa zima posho hiyo huanzia miaka 80. Nayo misaada ya nje imepungua ghafla. Mwaka 2025 Marekani ililifunga shirika lake la USAID, na mwezi Mei mwaka huohuo Shirika la Chakula Duniani liliwasitishia chakula takriban wakimbizi milioni moja nchini Uganda. Kila mkubwa anapojiondoa, mzigo unashuka kwa mdogo.

Kwa hiyo sizungumzi juu ya watu wa ziada ambao tunaweza kuwaacha wafanye watakavyo kwa kuwa ni wachache. Hawa ndio ukuta wa mwisho, na ukuta wa mwisho ukiwa na ufa, hakuna ukuta mwingine nyuma yake. Mtu akikosewa na hospitali kubwa, ana daktari mwingine wa kumwendea, ana bodi, ana gazeti. Mzee anayetunzwa na kikundi cha watu 6 katika nyumba isiyo na jirani wa karibu, akikosewa, atamwambia nani? Mtunzaji wake ndiye mdomo wake, ndiye miguu yake, na mara nyingi ndiye anayemsaidia kupokea ile posho. Mamlaka ya namna hiyo juu ya mtu mwingine ni makubwa kuliko ya waziri juu ya raia, na mamlaka makubwa yasiyo na kanuni hayajawahi kumfaa mnyonge.

Uganda haina upungufu wa sheria. Kuna Sheria ya Watoto na marekebisho yake ya 2016. Kuna Mwongozo wa Malezi Mbadala wa 2012, unaosema kituo kiwe kimbilio la mwisho baada ya familia na ukoo kushindikana. Kuna Kanuni za Nyumba Zilizoidhinishwa za 2013. Sheria inataka mtoto apokelewe na nyumba ya malezi kwa amri ya mahakama, isipokuwa wakati wa dharura, ambapo polisi anaweza kumleta kwa muda usiozidi saa 48. Kuna Sheria ya Afya ya Akili ya 2018, iliyochukua nafasi ya ile ya 1964, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020. Sheria ya mashirika ya 2016 inavitambua hata vikundi vya kijamii vinavyofanya kazi ngazi ya gombolola kwenda chini. Tatizo ni umbali kati ya kitabu na mkono. Sheria hizi zimeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, zinasema zaidi juu ya taasisi zenye majengo na vitanda, na hazimfikii mama anayelea watoto 9 wa mchana au kijana anayekwenda na baiskeli kumgeuza mgonjwa ubavu asipate vidonda. Kati ya Bunge na baiskeli hiyo hakuna hata ukurasa mmoja unaosema: fanya hivi, usifanye vile.

Yapo yatokeayo pengo hilo likiachwa wazi, na hatuna haja ya kukisia. Mwaka 2009 mjini Jinja, kijana mmoja Mmarekani asiye na taaluma ya udaktari alianzisha shughuli ya kuwahudumia watoto wenye utapiamlo. Kati ya 2010 na 2015 kituo chake kilipokea watoto zaidi ya 900, na 105 kati yao walifariki. Maofisa wa afya wa wilaya walikifunga 2015. Mwaka 2019 akina mama wawili, wakisaidiwa na wanasheria, walikwenda mahakamani, na mwaka uliofuata shauri likamalizwa kwa makubaliano ya fidia bila mhusika kukiri kosa. Wengi wa watoto hao walifika wakiwa taabani, na hakuna awezaye kuhesabu ni wangapi wangepona kwingineko. Lakini swali la mwanzo lilikuwa rahisi, na halikuulizwa mapema: nani ameruhusiwa kumfanyia nini mtoto huyu, na nani anahakikisha? Tarehe 25 Oktoba 2022, moto uliteketeza bweni la shule ya watoto vipofu huko Mukono, ukaua watu 11, wengi wao watoto. Mlango wa dharura, na mtu mzima aliye macho usiku mahali wanapolala watoto wasioona, si mambo ya anasa. Katika visa vyote viwili hakukukosekana watu wenye nia ya kusaidia. Nia njema ilikuwepo, na haikutosha.

Kanuni za mchezo, basi, ni zipi? Nadhani zinaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja. Kila anayetunzwa awe na jina lake daftarini, na siku aliyopokelewa, na aliyemleta, na ndugu zake walipo. Asipigwe, asifungwe kamba wala mnyororo, asifungiwe ndani. Dawa zitolewe kama alivyoandika mhudumu wa afya, na kila dozi itiwe alama. Fedha na mali zake, ikiwemo posho ya serikali, zihesabiwe mbele ya shahidi. Asiachwe peke yake na mtu mzima ambaye kikundi hakimjui kwa jina, kwa makazi na kwa wadhamini wawili. Mwili wake na picha yake viwe vyake: asipigwe picha ya kuombea msaada bila ridhaa yake, au ya mzazi wake ikiwa ni mtoto. Na awepo mtu wa nje, ambaye si ndugu wala mwajiriwa wa kiongozi wa kikundi, wa kupokea malalamiko. Kanuni hizi zote kwa pamoja hazidai bati jipya wala tofali moja. Zinadai peni, daftari, na ukweli. Idadi ya vitanda, aina ya choo, cheti cha mhudumu, uzio, gari la dharura, hayo ni masharti ya uwanja, nayo yapande kadiri kikundi kinavyopokea watu wengi zaidi, wagonjwa zaidi, na usiku zaidi.

Nimelitaja daftari kwanza kwa makusudi. Waswahili walikwisha sema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wafanyabiashara wameikariri methali hiyo tangu zamani. Sioni kwa nini mtu apewe thamani ndogo kuliko gunia la simsim. Mtoto asiye na maandishi anaweza kuhamishwa, kubadilishwa jina, kukaa miaka 10 mbali na bibi yake aliye hai kijiji cha pili, na asiwepo wa kueleza ilikuwaje. Hilo si jambo la kubuni. Mageuzi ya malezi mbadala nchini Uganda yalichochewa na ugunduzi kwamba watoto wengi waliokuwa wakiitwa mayatima katika nyumba za malezi walikuwa na mzazi au ndugu wa karibu aliye hai. Walitenganishwa na familia zao na umaskini na ukosefu wa kumbukumbu, kisha wakabaki huko kwa kuwa hakuna daftari lililomwuliza mtu swali.

Anayedhani kuandika ni kazi ya wakubwa na aitazame Hospitali ya Kuluva, kilomita chache tu kutoka Arua. Mwaka 1961 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, alifunga safari ya gari ya takriban maili 10,000 kuuliza katika hospitali za Afrika habari za uvimbe uliokuwa ukiota kwenye taya za watoto na kuwaua. Mmoja wa wenzake wawili katika gari hilo alikuwa Ted Williams, daktari wa Kuluva. Hospitali yake ya misheni haikuwa na maabara ya kutisha, lakini Williams aliandika kila mgonjwa wa uvimbe huo: ni nani, ana umri gani, ametoka kijiji gani, uliota lini. Kutokana na kumbukumbu hizo za West Nile, yeye na watakwimu wa Uingereza walionyesha mwaka 1967 kwamba wagonjwa walikuwa wakitokea kwa mafungu, mahali fulani, wakati fulani, kana kwamba kuna kitu kinachoenezwa. Katika miaka ya 1970 watafiti walirudi hukuhuku na kuchukua damu ya watoto wapatao 42,000, na matokeo yaliyochapishwa 1978 yakatoa ushahidi mzito uliounganisha saratani hiyo na kirusi. Sayansi ya dunia nzima iliegemea rejista ya hospitali ndogo ya mashambani. Ikiwa peni ya Kuluva iliweza kufanya hivyo, peni ya kikundi cha Onduparaka au cha Lobule inaweza kutuambia ni wazee wangapi wamepata vidonda vya kulala mwezi huu, na kwa nini.

Swali linalofuata ni kama viwango huwafaa kweli walio wadogo, au huwaaibisha tu. Ushahidi mzuri uko kwa jirani zetu. Mwaka 2015 Tanzania ilianza kuvipima vituo vyake vya afya vya msingi kwa nyota, kuanzia sifuri hadi tano. Vilipimwa vituo vipatavyo 7,000, na vingi vyao ni zahanati ndogo za vijijini. Mara ya kwanza takriban theluthi moja ya vituo hivyo havikupata hata nyota moja. Kama lengo lingekuwa kufunga, nchi ingebaki na mashimo ya kutisha. Badala yake kila kituo kiliandikiwa mpango wa kurekebisha kasoro zake, na kwenye upimaji wa 2017/18 vituo visivyo na nyota vilikuwa vimeshuka chini ya kimoja katika kila kumi. Fundisho liko wazi: mdogo akionyeshwa ngazi yenye vidato anavyoweza kuvifikia, anapanda. Akionyeshwa ukuta, anakaa chini au anazunguka nyuma kujificha.

Uganda yenyewe ilikuwa na ngazi ya namna hiyo kabla ya Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Wizara ya Afya iliendesha mpango wa Nyota ya Njano: viwango 35 vya msingi, na kituo kilichovitimiza kilipewa nyota hadharani ili wananchi wajue. Viwango vilikuwa vichache, vya kawaida, vinavyoeleweka na mama aliyekuja na mtoto mgongoni. Mpango huo ulikuwa umetegemea sana msaada wa Marekani, na ulififia. Kufifia kwake kunatufundisha zaidi kuliko kung'ara kwake: kiwango kinachoishi kwa fedha ya mgeni huondoka na mizigo ya mgeni. Ndiyo maana viwango ninavyopendekeza lazima viwe vya bei ambayo Arua na Koboko zinaweza kuilipa hata mwaka ambao hakuna mfadhili hata mmoja aliyekuja.

Sasa nizijibu pingamizi, kwa maana zipo na zina nguvu. Ya kwanza inasema: mkivibana vikundi hivi vitakufa, na watu waliokuwa wakipata huduma hafifu watakosa huduma kabisa. Hofu hii ni ya haki pale kiwango kinapotumika kama panga. Lakini kiwango kilichotungwa vizuri kinaweza kufungua mlango badala ya kuufunga, na Uganda inajulikana duniani kwa mfano mmoja wa jambo hilo. Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, akitumia morfini ya maji kutuliza maumivu ya wagonjwa wa saratani na UKIMWI wakiwa nyumbani kwao. Madaktari walikuwa wachache, na sheria haikuwa ikiwaruhusu wauguzi kuiandika dawa hiyo kali. Mwaka 2004 Uganda ikawa nchi ya kwanza kuwaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa kuiandika. Ruhusa hiyo ilitolewa kwa sababu kulikuwa na kanuni: mafunzo yanayojulikana, rejista ya dawa, na hesabu ya kila chupa. Bila kanuni hizo, hakuna waziri ambaye angethubutu. Wadogo walikabidhiwa jambo kubwa kwa kuwa walikubali kuhesabiwa. Na kikundi kisichoweza kuandika jina la mtu anayelala chini ya paa lake, baada ya kuelekezwa na kupewa muda, kinapaswa kuacha kumlaza mtu huyo.

Pingamizi ya pili inatoka moyoni: malezi ni utu, hayaandikwi kwenye fomu, wazee wetu walilea bila karatasi. Ni kweli hawakuwa na karatasi, lakini walikuwa na kanuni, tena kali. Katika ukoo wa Kilugbara au wa Kikakwa mtoto hakuhamishwa nyumba bila wazee kukaa na kusema mbele ya watu anakwenda kwa nani na kwa nini. Aliyemtesa mjane alijua kwamba ukoo wa mjane ungefika. Mashahidi ndio waliokuwa daftari, na kikao ndicho kilichokuwa ukaguzi. Mji umevunja mpango huo. Anayekutunza leo Arua anaweza kuwa ametoka Yei, Ariwara au Nebbi; hajui ukoo wako, nawe hujui wake. Utu wake unaweza kuwa mkubwa, lakini yale macho mengi yaliyoulinda utu zamani hayapo tena. Kiwango kilichoandikwa ni njia ya kuyarudisha macho hayo katika mji wa wageni. Anayekipinga kwa jina la mila ameisahau nusu ya mila yenyewe.

Pingamizi ya tatu ni ya uchungu: serikali ina uso gani wa kuwakagua wadogo ilhali hospitali zake hukosa dawa, na mkaguzi akija huenda anataka bahasha? Naikubali nusu ya kwanza, na silitetei shirika lolote la umma linalodai kwa wengine lisilolitimiza. Lakini kosa la mkubwa halimponyi mtoto aliyekosewa na mdogo. Kuhusu bahasha, dawa yake ni kutoliacha jambo mikononi mwa mtu mmoja. Tangu 2006 mashirika ya kiraia ya Uganda yamekuwa na utaratibu wao wa hiari wa kupimana ubora, unaoitwa QuAM, ambamo wenzako ndio wanaokupima. Tuuchukue mfumo huo tuushushe hadi kijijini: vikundi viwili vitembeleane kila robo mwaka, vikiongozana na mtu wa timu ya afya ya kijiji, mwakilishi wa baraza la kijiji (LC1), na ndugu mmoja wa anayetunzwa. Matokeo yabandikwe ukutani mahali kila anayeingia ataona. Ofisa wa probesheni wa wilaya, ambaye mara nyingi hana hata mafuta ya pikipiki, aitwe pale tu panapoonekana hatari, na hapo awe na nguvu kamili ya sheria. Ni vigumu kuihonga kamati ya watu wanne ambayo kesho itakaguliwa na wewe.

Ipo pia sauti ya uchovu, nayo ni ya viongozi wa vikundi wenyewe: tumejaza fomu za wafadhili mpaka mikono imekufa ganzi, na sasa mnaleta nyingine. Wana haki ya kuchoka. Fomu nyingi walizojaza zilikuwa za kumridhisha mtu wa mbali: wangapi wamefikiwa, wangapi wamehamasishwa. Anayetunzwa hakuwahi kuonyeshwa hata moja. Viwango ninavyovisema vinageuza uso wa hesabu, ielekee kwa mgonjwa na ndugu zake. Pia vinamlinda mtunzaji, jambo linalosahauliwa sana. Mtu anayemwogesha mgonjwa bila glavu, anayekesha usiku 7 mfululizo bila wa kumpokea, anayetumia nauli yake mwenyewe mpaka watoto wake wanakosa daftari za shule, ataanguka, na akianguka ataanguka na anayemtunza. Uganda ilianza kuunda timu za afya za vijiji mwaka 2001, na tangu hapo tumejifunza kwamba kazi ya kujitolea isiyo na mipaka huwachosha walio wema kwanza. Kanuni iseme wazi saa za zamu, siku ya kupumzika, na vifaa ambavyo bila hivyo mtu ana haki ya kukataa kazi. Na daftari lililoandikwa vizuri ndilo litakalomtetea siku atakaposingiziwa.

Yote haya ni bure ikiwa kanuni zitaandikwa kwa lugha ambayo mtunzaji haisomi. Katiba yetu iliitambua lugha ya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya 2005, na katika soko la Arua, kwenye stendi ya Koboko, na kuelekea mipaka ya Kongo na Sudan Kusini, ndiyo inayomkutanisha Mlugbara, Mkakwa, Mwalur, Mnubi na mkimbizi. Ukurasa huo mmoja uandikwe kwa Kilugbara, kwa Kikakwa na kwa Kiswahili, usomwe redioni, usomwe kanisani na msikitini. Kanuni ambayo anayetunzwa anaisikia na kuielewa tayari ina mkaguzi mmoja asiyelipwa na asiyelala: yeye mwenyewe.

Nani aanze? Kama tutasubiri Kampala, tutazeeka tukisubiri. Halmashauri ya Jiji la Arua na Manispaa ya Koboko zina maofisa wa maendeleo ya jamii, na wanavijua vikundi hivi karibu vyote kwa majina. Waviite, wakae navyo siku moja, waziandike kanuni pamoja navyo, maana kanuni aliyoiandika mtu ataitetea kuliko aliyoletewa. Mwaka wa kwanza uwe wa kuelekezana tu: kila kikundi kipewe daftari, kifundishwe kuliandika, kitembelewe mara nne. Mwaka wa pili ngazi zianze, na kikundi kilichopanda kitambuliwe hadharani na kipewe nafasi ya kwanza katika fedha zozote za halmashauri. Makosa manne yasisubiri mwaka wowote: kupiga, kufunga mnyororo, kudhulumu kingono, na kumhamisha mtoto bila kumbukumbu. Hayo ni kadi nyekundu tangu siku ya kwanza, kwa mkubwa na kwa mdogo, kwa mwenyeji na kwa mgeni aliyekuja na dola.

Vikundi vyetu vidogo vimebeba mzigo ambao serikali na dunia zimeutua chini. Wengine huona kuwapa kanuni ni kuwavunjia heshima. Mimi naona dharau iko katika kuwaacha bila kanuni, kwa sababu ni kukiri kwamba hatutarajii kitu kutoka kwao, na kwamba wanaotunzwa nao hawastahili zaidi. Onduparaka walipopanda ligi, heshima waliyopata ilitokana na kwamba kila bao lao lilihesabiwa kwa kipimo kilekile cha mabao ya Kampala. Mama anayemgeuza kikongwe ubavu saa nane za usiku, katika nyumba ya udongo isiyo na umeme, anastahili heshima ya kadiri hiyo. Apewe taa, apewe glavu, apewe wa kumpokea zamu. Na apewe daftari, aandike saa aliyomgeuza, ili asubuhi atakayekuja ajue kwamba usiku kucha palikuwa na mtu.